Mgongo wa Mwanamke wa Lorini

Wachonga mihuri hawakai mbali na ofisi za serikali, kama kunguru na jalala. Fundi huyu meza yake ilikuwa chini ya ngazi za ofisi ya ardhi, na mchana kutwa alichonga IMEPOKELEWA na NAKALA HALISI. Akirudi nyumbani, alitoa kitabu cha katuni, nacho akakichapa kwa mihuri vilevile, juu ya meza ya jikoni. Alikuwa na mhuri wa shujaa wake Sajini Radi akiruka, wa Sajini Radi akilia, wa kifaru cha vita, wa lori. Alipotaka jeshi zima, aligonga mhuri wa askari mmoja mara sitini, na mkewe akalazimika kuishika sufuria ya mchuzi isimwagike.

Sajini Radi alipasua vifaru kwa kofi. Kilichomshinda ni kuliwahi lori. Kwa matoleo arobaini na moja alifika likiwa limeshaondoka, na nyuma yake amekaa mwanamke aliyewapa wasomaji mgongo, na kovu la moto kwenye bega la kushoto.

Mtaa mzima ulijua hadithi hiyo ni ya fundi mwenyewe. Wakati wa vita alisimama wiki tatu kwenye foleni ya maji nyuma ya binti mmoja, wakapendana, wakaahidiana kupanda lori moja siku ya kuhama. Alichelewa, akaona mgongo tu. Sasa alikuwa na miaka sitini na mbili, na alitaka kujua jambo moja kabla hajafa: je, binti yule alimsubiri? Toleo la arobaini na moja akalimalizia kwa tangazo, kwamba mwenye mgongo huu, kama yu hai, afike.

Mkewe hakununa. Aliwaambia majirani kwamba ameishi na mwanamke huyo miaka thelathini nyumba moja, angalau amwone sura.

Kufikia Ijumaa walikuwa wamekuja wanawake kumi na mmoja. Mke aliwapanga kwenye benchi, akawaita mmoja mmoja nyuma ya pazia la jikoni na kukagua bega. Mmoja kovu lake lilikuwa la masizi. Mwingine alikuja na kaka yake awe shahidi. Wa tisa alikiri kwamba hajawahi kutafutwa na mtu maishani, akaona ajaribu. Wote walikuwa na kovu kushoto, na kila mara mke alipotoa taarifa, fundi alitikisa kichwa bila hata kuinua macho.

"Wewe mwanaume," mke akamwambia, "unataka kovu gani, la dhahabu?"

Wa kumi na mbili alikuwa mama mnene aliyehema kwa sababu ya ngazi. Mke alimkagua, akamwonea huruma. "Pole, dada. Umekosea bega. Lako liko kulia."

Fundi akaweka kisu chini. Ilimbidi aeleze, na alieleza kwa aibu. Mhuri huchongwa kinyume ili chapa itoke sawa. Ule wa mgongo aliuchonga siku ileile ya lori, kwenye soli ya kandambili, kabla hajajifunza kazi. Aliuchonga kama alivyoona, kwa hiyo kila ukigongwa kovu huhama bega. Makosa aliyajua tangu toleo la kwanza. Hakuwa na moyo wa kumchonga upya.

"Ni yeye," akasema. Kisha akauliza alichokuwa akitaka kuuliza.

Mama yule alimkagua uso, kwa nia njema kabisa.

"Ndiye wewe uliyekuwa na baiskeli?"

"Hapana."

"Basi nisamehe, kaka yangu. Siku zile tuliahidiana na watu wengi. Hakuna aliyejua nani atafika." Akaongeza kwamba mgongo wake kitabuni aliutambua kwa lile gauni.

Fundi akainamia meza. Aliyewaka ni mkewe.

"Humkumbuki? Mtu amekufukuzia lori matoleo arobaini na moja, amepigwa mabomu, amezama mtoni mara mbili, humkumbuki? Kaa hapo."

Akamvutia kiti, akamwekea chai, akalifungua toleo la kwanza na kuanza kumsomea kwa sauti, akimwonyesha kila picha kwa kidole. Walipofika la tisa mgeni alikuwa amevua viatu.

"Kwani huyu Sajini atampata?" akauliza.

"Nyamaza usikilize," mke akasema, na kumwashiria mumewe asogeze kiti karibu.