Niliiba Pua ya Treni kwa Mkamwana Wangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla hujanionea huruma, maana najua mzee akilia peke yake watu hudhani ameonewa. Sikuonewa. Nilimwibia mtu ambaye mila ilikuwa imemfunga mdomo mbele yangu, na siku alipothubutu kuufungua nikamchapa kwa mila hiyohiyo. Jina langu silitaji. Wa Tukuyu watanijua, na wanijue tu!

Kwetu ni Igogwe, kwenye migomba, lakini nyumba yangu iko Ibighi, hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa uchoraji katika karakana ya treni kule Mbeya. Si picha za kutundika ukutani, hapana. Nilichora treni zenyewe: milango, viti, ngazi za kupandia, mahali pa kuweka mizigo. Abiria anayesafiri na mgongo usimuume hajui kwamba kuna mtu alikaa siku nne akiufikiria mgongo wake. Mtu huyo ni mimi.

Nilisomeshwa nje miaka miwili, na huko nikaona treni zenye pua laini, zimetengenezwa zipite kwenye upepo bila kushindana nao. Weee! Nilirudi na ugonjwa. Kila nikiiona treni yetu na uso wake bapa kama kabati, roho inaniuma. Nikaapa kwamba kabla sijastaafu nitachora pua yetu wenyewe. Karakanani walinitania, wakaniita Mzee Pua, nami nikaitika.

Miaka ikapita bure. Halafu biashara zikafunguliwa, kila mwenye uwezo akaingiza basi lake, lina video, lina viti vya kulalia, lina jina limeandikwa kwa rangi kila upande. Abiria wakatukimbia. Ndipo wakubwa wakaniita. Lilikuwapo behewa moja lenye injini yake, wakataka nilichoree uso mpya. Meneja akasema, "Mzee, chora kitu ambacho mtu akikiona anaacha basi." Jamani, nilitoka ofisini mwake narukaruka kwa furaha!

Nikachora. Nikachonga na mfano wa mti, pua ndefu nyembamba, ncha kali kabisa. Tukauweka mbele ya feni, tukachoma majani mabichi tuone moshi utakavyopita. Moshi ulipofika mabegani mwa ule mfano ukajizungusha, ukang'ang'ania pale pale. Maana yake upepo ungekuwa unalivuta behewa kwa nyuma. Meneja akakuna kidevu. "Huu ni mkuki, mzee wangu, si treni. Nakupa mwezi mmoja."

Nikachukua likizo nikarudi Ibighi na ubao wangu wa kuchorea. Nikaweka kazi bandani, jirani na jiko. Mchana nilikuwa nautega ule mfano kwenye moshi uliotoka dirisha la jiko, nachonga kidogo, nautega tena. Wapi! Moshi unaganda vilevile.

Ndani ya jiko hilo alikuwamo mkamwana wangu. Nitamwita Tumpe, ingawa si jina lake. Mumewe, mwanangu wa pekee, ni mwalimu wa shule ya msingi. Tumpe ni Mkisi wa Ikombe, kule ziwani, ambako wanawake hufinyanga vyungu vinavyopanda kuuzwa hadi soko la Tukuyu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye dhambi yangu. Kwetu, kwa mila ya zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Haniiti jina, hasemi nami. Nikikaribia nakohoa, naye anajificha nyuma ya mlango mpaka nipite. Akiwa na neno, linapitia kwa mke wangu. Miaka mitano tuliishi kiwanja kimoja, na sauti yake niliifahamu kwa kumsikia akimbembeleza mtoto tu.

Na haikuwa lazima! Kanisani walishatuambia. Majirani zangu wengi walikwisha kuwafungulia wakamwana wao: unamwita, unampa zawadi ndogo, unamwambia, "Sasa tuzungumze," basi, imekwisha. Mke wangu aliniomba mara mbili nifanye hivyo. Sikutaka. Niliona raha mtu kunikimbia nikikohoa. Ndiyo, nimesema!

Siku moja nilikwenda sokoni kutafuta penseli. Niliporudi nikakuta juu ya ubao wangu kitu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Nikafunua. Pua ya treni, ya udongo mbichi! Lakini si ya kwangu. Ilikuwa butu, mviringo kama tako la chungu, na juu ya mahali pa kioo palikuwa na uvimbe kidogo, mithili ya paji la uso. Imesuguliwa kwa kokoto mpaka inateleza.

Nikacheka. Kitu butu kitapitaje kwenye upepo? Nikamwita mke wangu.

Akasema, "Mkamwana wako anauona moshi unavyokutesa. Anasema upepo haupendi kuchomwa, unapenda kupishwa. Anasema tazama moshi unavyopanda kwenye chungu kikiwa mafigani."

Nikaupeleka ule udongo dirishani. Moshi ukaja, ukapanda, ukapita juu ya lile paji, ukaenda zake. Nikarudia mara tatu. Ukaenda zake mara tatu! Nikakaa chini kwenye kigogo. Miaka yote ile nimesoma, nimechora, nimeapa, na jibu lilikuwa jikoni kwangu linapika maharage.

"Mwambie ndaga," nikasema.

"Ndaga peke yake?" mke wangu akauliza.

"Haya, ndaga fijo."

Asante sana. Hiyo ndiyo shukrani yote niliyotoa, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikaupima udongo ule kwa rula na bikari kwa siku mbili, nikaugeuza kuwa mchoro, na chini kulia nikaandika jina langu. Peke yake.

Mchoro ulipofika Mbeya, meneja aliruka kitini. Uzito ukapungua, mabati yangekunjika kwa urahisi kuliko ule mkuki wangu, moshi unapita. Akasema atakuja mwenyewe Ibighi kunipongeza, na kweli Jumamosi moja mchana akaja na wachoraji watatu. Tukawapikia mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, kwa nyama ya mbuzi. Tumpe ndiye aliyepika. Ule udongo alikuwa ameuchoma ukakomaa, nami nikautoa nje kuwaonyesha, kifua mbele.

Meneja akaugeuza mikononi. "Mzee, nani aliufinyanga huu? Sisi wachoraji mikono yetu naijua. Nauliza kwa sababu kuna nafasi ya mafunzo ya kutengeneza mifano, Dar es Salaam, mwaka mmoja, halafu ajira. Nimekosa mtu. Kama ni mtu wa hapa, nampeleka."

Jikoni vyombo vikanyamaza. Nilijua anasikiliza. Nilijua kabisa!

Nikasema, "Nimeufinyanga mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nautazama mlima Rungwe, ule mgongo wake, wazo likanijia."

Mlima Rungwe! Wiki ile nzima kulikuwa na ukungu, hata mgomba wa jirani ulikuwa hauonekani.

Tumpe akatoka. Akapiga magoti mlangoni pa jiko, kanga kichwani, uso ameuelekeza ukutani asinione.

"Tata, nisamehe. Waambie na mimi nimo. Nimo kidogo tu."

Kidogo tu! Hakudai pua, hakudai jina langu lifutwe. Alitaka nafasi ile. Ningemjibu neno moja, "Ni kweli," nafasi ingekuwa yake na mimi ningebaki Mzee Pua kama kawaida. Wageni wangenisifu hata zaidi. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba, na aibu ikanipanda nikaidhani ni hasira.

Nikasimama. "Tangu lini mkamwana anapaza sauti mbele ya baba mkwe, tena mbele ya wageni? Huko ziwani hamfundishwi adabu?"

Meneja ni Mnyakyusa mwenzangu. Aliposikia habari ya mila akainamisha kichwa, akauweka udongo mezani taratibu, hakuuliza tena. Tumpe alirudi jikoni kwa magoti, hakuinuka mpaka alipopita mlango. Mke wangu aliwaletea wageni chai, akasahau sukari.

Na sikuishia hapo, ee! Mwizi akishaanza kujitetea hana breki. Nikadai faini ya kuvunjiwa heshima. Wazazi wake wakapanda kutoka ziwani na jogoo, wakaniomba radhi. Mimi! Baba yake, mtu mzima mwenye mvi nyingi kuliko mimi, aliniinamia. Nikampokea jogoo, tukamchinja, nikamla.

Mwanangu alikuja jioni ile. "Baba, ulijifunza lini kufinyanga?"

Nikamwambia atoke mbele yangu. Akatii. Aliomba uhamisho, akapata shule ya huko ziwani, akaondoka na mkewe na mtoto wao. Nilikuwa nakunywa chai barazani walipokuwa wanapakia magodoro. Sikuinuka.

Karakanani kazi ikaanza. Siku moja wachomeleaji wakaniuliza, "Mzee, huu uvimbe wa juu ya kioo ni wa nini? Unatusumbua kuukunja." Nikakodoa macho. Moshi niliuona ukipita juu yake, lakini kwa nini, sikujua! Aliyejua alikuwa Ikombe, na mimi ndiye niliyesema pua ni yangu. Ningemuuliza nani? Nikajikohoza kitaalamu nikasema, "Ni urembo tu, usawazisheni."

Wakausawazisha. Behewa lilipotoka kwa mara ya kwanza, lilipendeza kweli, watoto walilikimbilia. Lilipokolea mwendo likaanza kulia. Upepo ulikuwa unaingia mahali pale palipokuwa na paji, unapiga mluzi mkali, unaumiza masikio mpaka kiti cha nyuma. Abiria wakaziba masikio, wakacheka, wakaliita Mbwa Koko. Safari chache tu, likarudishwa uani likaota kutu. Njia ya mwongo fupi, nami yangu haikufika hata stesheni ya pili. Watu walipoanza kupunguzwa kazi, jina langu lilikuwamo kwenye orodha ya kwanza.

Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Tangu mjukuu wake aondoke alisema nami ya lazima tu: chakula tayari, mvua inakuja. Mwaka uliofuata kifua kikamzidi, akafia hospitali. Tukamzika Igogwe. Tumpe alikuja. Alipika, alichota maji, alimlilia mama mkwe wake kuliko binti wa kuzaa. Na kila nilipopita alijificha, kwa adabu kamili, watu wakamsifia. Nilizunguka makusudi nyuma ya jiko nikutane naye. Akapitia upande wa pili.

Sasa niko peke yangu Ibighi. Mvua ya Tukuyu unaijua, ikianza hainyamazi, na mtu huna wa kumwambia hata kwamba inanyesha. Napika ndizi mbili, nakula moja. Nikitaka kuingia jikoni nakohoa. Ndani hamna mtu! Mara nyingine baada ya kukohoa nasimama nje kidogo, kama ninampa mtu nafasi ya kujificha, halafu nakumbuka, naingia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi hata huyo mjukuu mwenyewe hanifahamu.

Mwezi uliopita nikajikaza. Nikanunua kitenge kizuri, nikashuka ziwani, nikatembea hadi Ikombe na goti langu bovu. Nilimkuta Tumpe uani anafinyanga, mikono ina udongo hadi kwenye viwiko. Nikasimama mbali. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Nikasema, "Mwanangu, nimekuja kukufungulia. Sasa tuzungumze. Nilikuibia. Niambie lolote, nitukane ukitaka."

Akaweka chini chungu chake. Akajifunika kanga, akanipa mgongo, akaenda nyuma ya nyumba. Hakukimbia, alitembea tu.

Nikangoja. Jua likasogea. Akaja mwanangu akitoka shule, akanisalimu vizuri, akaniletea kigoda na maji ya kunywa.

"Mwambie nimemwondolea mwiko," nikamsihi. "Mwambie si lazima tena anikimbie."

Akakitazama kitenge magotini mwangu. "Baba, anajua si lazima. Amekusikia. Hana la kukuambia."

Hasira ningeibeba. Matusi ningeyabeba, nilikuwa nimejiandaa. Hilo sikujiandaa nalo. Nikaacha kitenge juu ya kigoda, nikarudi nilikotoka.

Wewe unayesoma, pengine nawe nyumbani mwako yupo mtu anayenyamaza ukipita: mkamwana, mke, msaidizi wako kazini. Unaita heshima, unaona raha. Usidanganyike kama mimi! Mwite leo hii, mkalishe, muulize, na kilicho chake mpe mbele za watu. Mwite angali ana neno analotaka kukuambia, maana likishamwisha moyoni, hata ukitembea na goti bovu mpaka ziwani hutalipata.