Jumapili Kanisa Lilipohamia kwa Masanja

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyogonga kengele na hakuna mtu aliyekuja kusali. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na sauti yake ilifika hadi kwenye mashamba ya mpunga. Niligonga, nikasubiri. Nikagonga tena. Ndani ya kanisa letu la nyasi magogo ya kukalia yalikuwa kama nilivyoyapanga jana yake, na mbuzi mmoja alikuwa amejilaza mlangoni.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu walipokuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Parokia ilinituma kutoka kwetu Ufipa niwe katekista wa kigango kipya, tawi lake lililokuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kijiji cha Kibaoni. Padre alifika mara chache kwa mwaka, na masika hakufika kabisa. Siku nyingine zote nilikuwepo mimi: kufundisha wakatekumeni waliojiandaa kubatizwa, kuongoza ibada, kusali na wagonjwa. Nilikuwa kijana asiye na mke. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, nikaongea Kifipa na sufuria. Watu waliniita Mwalimu, wakanisalimu kwa heshima, wakapita.

Nilidhani upweke ule ni msalaba wa kazi. Ukweli ni kwamba niliupanda na kuupalilia mwenyewe. Watu walipolima kwa kushirikiana, mwenye shamba alipika pombe, kwa hiyo sikwenda, nisije nikaonekana penye mtungi. Nyumba yenye hirizi mlangoni sikuingia. Niliogopa padre akija asije akaambiwa neno juu yangu. Nilitaka jina langu lifike parokiani likiwa safi kama kanzu ya Pasaka.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Hakuwa Mkristo. Mkewe, Kabula, alizoea kuniachia kibuyu cha maziwa mlangoni, nami niliyanywa bila kwenda kwao kushukuru hata siku moja. Ijumaa moja Masanja alikuja akasimama uani, kofia mkononi.

"Mwalimu, mke wangu amefariki," alisema. "Tunazika kesho. Njoo."

Nikampa pole. Kisha nikaanza kumweleza sheria: marehemu hakubatizwa, hakuwa hata mkatekumeni, katekista haruhusiwi kumzika. Nilieleza kwa mpangilio, kama darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sijakuomba unizikie," akasema. "Nimekuja kumwambia jirani."

Akavaa kofia, akaenda.

Kesho yake nilikaa ndani. Kutoka dirishani niliona kijiji kizima kikipita: wanaume na majembe, wanawake na kuni na unga kichwani, na Wakristo wangu wote wa kigango, rozari shingoni. Nilisikia hata majembe yakigonga udongo mkavu. Hakuna aliyepiga hodi kuniuliza kama naumwa.

Basi Jumapili nikagonga ile kengele. Aliyetokea mwishowe ni Bibi Kristina, mzee wetu mfagiaji wa kanisa, naye alifuata ndoo tu. Nikamuuliza watu wako wapi. Akasema wako msibani, wamesali huko huko, maana mfiwa haachwi na nyumba tupu. Nikamkumbusha kwamba Jumapili ni amri. Akacheka kidogo, akiweka ndoo kichwani.

"Nyie vijana wa parokia mna shida. Mwaka mzima unatukaririsha kufariji wenye huzuni. Tumempata mwenye huzuni, wewe umejifungia. Haya, yasomee magogo. Ila yakikuitikia, usikimbie."

Nilimtazama akipotea njiani. Kukawa kimya hata nikasikia pumzi ya yule mbuzi. Nilijua nikibaki pale saa ile, nitabaki pale maisha yangu yote. Nikafunga mlango, nikaenda.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Nikamwambia Masanja kwamba nimekosa, na kwamba niko tayari kuongoza sala.

"Sala zimeshasaliwa," alisema bila kuinua macho. "Ng'ombe hawajanywa maji."

Nikachota maji mpaka jua likashuka. Ng'ombe walinikimbia, na maji mengi niliwamwagia migongoni; vijana wakasema Mwalimu ameshindwa kubatiza watu, sasa anabatiza ng'ombe. Jioni mtu alisogea kwenye mkeka, nikapata nafasi ya kukaa, nikatia mkono kwenye sinia la ugali pamoja nao.

Sitakudanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Masanja hakubatizwa, na kiangazi kilichofuata alihama na ng'ombe wake bila kuniaga. Kabula sikumshukuru, na sasa sina pa kumkuta.

Leo niko Majengo hapa Mpanda, mke wangu ametangulia, na jioni zangu ni ndefu. Kasoro ile ya kujitenga haikufa siku ile. Hata sasa nikisikia msiba, linalonijia kwanza ni sababu ya kutokwenda. Kwa hiyo navaa viatu kabla sijamaliza kufikiri.

Mwanangu, usingoje uwe mtu safi ndipo uende kwa watu. Kasoro yako ijue kwa jina, itaje kwenye kitubio, kisha inuka ufanye lile inalokukataza, na kesho ufanye tena. Sheria za Kanisa zishike; mimi nazishika hadi leo. Lakini usizifanye ukuta wa kujificha. Jirani akikuambia njoo, nenda. Kama huna la kusema, kaa naye tu.

Mungu akupe majirani wasiochoka kukuita, akupe na miguu myepesi ya kuitika. Siku ya huzuni yako, uani kwako pajae watu. Nenda kwa amani, mwanangu.