Nyumba Tano za Ng'ambo ya Korongo

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kama ndoto isiyokatika. Nikifumba macho nauona ukungu ukishuka taratibu kutoka mlima Kwaraa, unatua juu ya mabati ya Maisaka, mtaa wetu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amenipa kazi ya kupeleka habari nyumba kwa nyumba, nami nikajiona mtu mkubwa kweli.

Habari ya siku ile ilikuwa ya maji. Bomba lilikuwa linaletwa mtaani kwetu kwa mara ya kwanza, na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu Jumamosi, achimbe mtaro mbele ya kwake. Nilizunguka asubuhi nzima. Zikabaki nyumba tano za ng'ambo ya korongo. Mvua ilikuwa imenyesha, tope jeusi linanata, na mimi, nicheke tu mwanangu, nilikuwa nimevaa viatu vyeupe, vipya. Nikajisemea, watasikia kwa wenzao. Mwenyekiti aliponiuliza, nikamjibu, "Nimemaliza zote."

Hawakusikia. Jumamosi mtaro uliishia korongoni. Mafundi wakaziba mwisho wa bomba hapo, watu wakasema wale wa ng'ambo hawataki maji.

Baada ya wiki chache nikakutana na Mama Paskali, mjane mzee wa nyumba ya mwisho, akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu." Akatua ndoo, akahema. "Hivi sisi tuliwakosea nini?"

"Hamkukosea, mama. Ni mimi. Sikufika kwenu kuleta habari."

"Nilidhani mtaa mzima umetutupa," akasema. "Kumbe ni mtu mmoja. Afadhali. Mtu mmoja anaweza kurudi."

Nilirudi. Nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikaungama uongo wangu mbele ya watu wote, uso unawaka. Kesho yake nikashika jembe, nikaanza kuchimba peke yangu. Siku ya tatu majirani wakaja, mmoja mmoja, kila mtu na jembe lake. Mafundi wakaitwa tena. Bomba lilikohoa upepo, likatoa maji mekundu, halafu yakaja meupe. Mama Paskali hakukinga ndoo. Aliweka tu kiganja chini ya yale maji, akakiacha hapo, macho yake yako mbali.

Siku hizi habari za mtaa mnazirusha kwenye simu, na nyinyi vijana ndio mnaozishika. Kabla hujasema umemaliza, uliza nani hajasikia, kisha mfuate mpaka mlangoni kwake. Na ukikosea, sema mapema, ingawa inauma; kimya chako kuna mtu anakibeba.

Mungu akuzidishie miaka, mwanangu, na popote utakapoishi usikose jirani wa kukuita kwa jina lako.