Aliwafundisha Wenzake Majibu ya Utafiti wa Mwanawe

Saa nne asubuhi, Paskalina Mageni anapuliza mkaa kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu, nje kidogo ya Ushirombo. Juu ya moto ameweka bamba la koleo kuukuu, na juu ya bamba kuna kidonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki. Wanaume wanne wamechuchumaa kulizunguka jiko, macho yote kwenye kidonge.

"Mama Noela, usitukingie tusione," anasema Donatus, mmoja wa wachimbaji wenye mzigo huo.

"Moshi unanitoa machozi, baba."

"Lia tu, mama. Bora ulie wewe leo kuliko sisi kesho."

Wanacheka. Paskalina hacheki. Moshi huo ndio zebaki yenyewe, na ameuvuta kwa miaka kumi na saba. Ana miaka 54. Vidole vinamtetemeka hata akiwa amepumzika. Kikombe cha uji hukishika kwa mikono miwili. Kwa wiki hupata kati ya shilingi 20,000 na 35,000, na zipo wiki anazorudi nyumbani na chumvi tu.

Chombo cha kumwepusha na moshi huo anacho. Mwaka juzi mradi mmoja uliwagawia wanawake wa mialo vyombo vya chuma vyenye kifuniko na bomba, ili zebaki ikusanywe badala ya kuvutwa puani. Kwa ajili ya lile bomba, wenyewe wanakiita birika.

"Ukifunika, wanasema umeiba," anaeleza Paskalina. "Dhahabu ikipungua punje moja, mwizi ni wewe. Kesho nani atakuletea mzigo?"

Hilo ndilo binti yake, Noela, alilokuja kulitafuta. Anasomea shahada ya uzamili ya uchumi wa mazingira, na tasnifu yake inapima kama mabirika yale yamepunguza moshi kweli, au watu wamegawiwa chuma tu. Agosti mwaka jana alikuja na madodoso ya wanawake 186 wa mialo mitano. Msimamizi wake chuoni alikuwa amemkataza kumhoji mama yake mzazi.

Hakuna aliyemkataza mama kusema na wenzake.

Paskalina aliishia darasa la saba. Karatasi yenye maswali, kwake, ni mtihani, na mtihani ukikosewa mtoto anafeli. Siku mbili kabla Noela hajafika, alizunguka mwalo kwa mwalo.

"Niliwaambia, mwanangu anakuja na mtihani wake. Akiuliza habari za birika, semeni mnatumia kila siku. Msiniangushie mtoto."

Hawakumwangusha. Kati ya wale 186, wanawake 171 walisema wanatumia. Mwamvua, anayefanya kazi jirani na Paskalina, alijibu hata kabla ya swali kwisha.

"Nilimwambia natumia asubuhi na jioni," anasema, akijifuta tope. "Kama dawa. Mwenyewe akaandika!"

Mwezi Machi mwaka huu Noela alimpigia simu mama yake, sauti imejaa furaha.

"Mayo, namba zimetoka vizuri. Naandika kwamba birika limefaulu huko kwetu. Mradi ulitaka kuleta wapimaji wa afya, sasa nashauri hela hiyo iende kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Kule ambako bado wanachoma wazi."

Paskalina hakupata usingizi siku tatu. Ya nne alimpigia mwanawe. "Nikamwambia, nimekuharibia, mwanangu. Hapa hakuna anayetumia birika. Mimi ndiye niliyewafundisha kusema vile. Akauliza, 'Wangapi, mayo?' Nikasema, wote."

Noela hafichi kwamba alikasirika. Tasnifu ilikuwa imebakiza sura moja, na angenyamaza hakuna ambaye angejua. Badala yake alimwandikia msimamizi wake, na yale majibu yote yakafutwa. Ufadhili wake unakwisha Novemba. Ameomba miezi sita zaidi, na mpaka sasa chuo hakijamjibu.

"Kosa ni langu pia," anasema kwa sauti ya uchovu. "Nilikwenda kuuliza nyumbani kwetu, nikajifanya mgeni."

Wiki iliyopita kazi ilianza upya. Safari hii Noela alibaki Kahama, akamtuma mwanafunzi mwenzake, Edward Ngassa, ambaye mialoni hapo hajulikani.

"Shikamooni, mama zangu," alisema Edward. "Kati yenu, nani anatumia birika?"

Wanawake wakamgeukia Paskalina, wakingoja waambiwe la kusema. Paskalina akainuka mbele ya watu.

"Mimi situmii. Nimehifadhia mbegu za mahindi. Na ninyi semeni kweli yenu, huu si mtihani wa mtu."

"Kwa nini hutumii, mama?"

"Muulize huyo." Akamwonyesha Donatus, aliyekuwa akingoja mzigo wake.

Donatus alicheka, akatazama huku na huku, akaacha. "Mimi nataka kuona mali yangu. Lingekuwa na kioo, ningekubali lifunikwe."

Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kumwandika mwanamume. Edward aliandika pembeni, na jioni ile Noela akaongeza ukurasa mzima wa kuwauliza wenye mzigo.

Kwa wazazi wenye watoto vyuoni, Paskalina ana neno. "Mtoto akija na karatasi zake, mwacheni ajibiwe hata vibaya. Msimsaidie kama nilivyosaidia mimi."

Yeye mwenyewe anangoja jibu la chuo kama anavyongoja binti yake, na kila simu ikilia huuliza kwanza habari za ile miezi sita.

"Wampe tu amalize," anasema, akikaza vidole kwenye khanga vitulie. "Aandike kama tulivyo, waje hao wapimaji. Waanze na mimi."