Ombi la Mama Pasi

Mama mdogo wangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Wenyewe wanasema ni kwa sababu ya kazi yake. Mimi nasema ni kwa sababu ya ulimi wake, maana ukimwendea na uongo wako atakunyoosha hapo hapo. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi lenye alama za kuungua, mashati ya watu kwenye kamba, na picha ya mwanawe wa pekee akiwa amevaa sare za jeshi. Sare zile alizipiga pasi mwenyewe siku kijana alipoondoka kwenda mpakani. Akaunguza kola, kitu ambacho hajawahi kukifanya kwa nguo ya mteja.

Kanisani ndiye aliyekuwa akiongoza maombi. Anataja ombi, anamalizia, "Bwana, kwa rehema zako," nasi tunaitikia, "Usikie maombi yetu." Tumezoea mno hata midomo yetu haisubiri masikio. Omba mvua, tunaitikia. Omba jua, tunaitikia pia.

Tangu vita vianze, kila Jumapili aliwaombea askari wetu, kisha askari wa upande wa pili na mama zao. Hakuna aliyenung'unika. Nadhani nusu yetu hatukusikia.

Mpaka Mheshimiwa, mbunge wetu, alipotutembelea. Uchaguzi ukikaribia, watu hawa huokoka ghafla. Alikuja na kamera, walinzi na kipaza sauti chake mwenyewe, kana kwamba Mungu wetu ni kiziwi. Akatuambia vita hivi ni vya Mungu, na kwamba wale wa ng'ambo ya mpaka ni wadudu, dawa yao ni kupuliziwa. Na watu wakapiga makofi! Kanisani, chini ya msalaba! Nilikuwa nimesimama kwenye kwaya, nikakosa pa kuweka macho.

Kisha Mama Pasi akasimama, akaomba kama siku zote. "Uwalinde pia watoto wa upande wa pili, uwarudishe wazima kwa mama zao. Bwana, kwa rehema zako."

"Usikie maombi yetu!" Mheshimiwa aliitikia kwa sauti kuliko sisi sote. Alikuwa anarekebisha tai yake, na kipaza sauti bado kilikuwa mkononi.

Kabla ya jioni video ilikuwa kwenye kila simu. Wajuzi wakaitilia muziki, watoto wakaicheza mtaani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kufika kesho yake watu wakaanza kuuliza yule mama msaliti anakaa wapi. Nikasoma matusi mengine hata siwezi kuyarudia, na walioyaandika wameweka misalaba kwenye picha zao. Kicheko kikanikauka.

Katikati ya juma Mchungaji alikuja kwa mama mdogo. Nilikuwepo, nakunja mashuka.

"Mama, tuyamalize," alisema. "Jumapili Mheshimiwa anarudi. Useme tu mbele ya kamera kwamba uliteleza. Ulimi hauna mfupa, watu wataelewa. Ameahidi kijana wako ataondolewa mpakani, apewe kazi ya stoo hapa mjini."

Mama mdogo akaisimamisha pasi. "Atarudi lini?"

"Wiki hiyo hiyo."

Akaitazama picha ukutani.

"Na pale alipo ataenda nani?"

"Hayo ni mambo ya jeshi, mama."

"Ni mambo ya mama mwenzangu, Mchungaji. Niambie ni nani, nikampe pole mapema."

Mchungaji alikohoa, akaaga. Mimi ndiye niliyepandwa na hasira. "Mama, sema tu! Maneno mawili tu, ndugu yangu arudi!"

"Nyamaza wewe. Unadhani sitaki?" Akarudi mezani, akaendelea na shati la watu huku machozi yakimdondoka juu yake. "Leo sihitaji hata maji ya kunyunyizia," alisema. Sikuweza kucheka.

Jumapili ikafika. Mheshimiwa kakaa mbele, kamera zimewashwa, Mchungaji anajifuta jasho. Mama Pasi akasimama.

"Tumwombee mama ambaye mwanawe angepelekwa mpakani ili wangu arudi. Bwana, kwa rehema zako."

Kanisa zima likaitikia. Mheshimiwa peke yake alibana midomo kama mtoto aliyepewa dawa chungu. Video ya siku hiyo hakuna aliyeirusha.

Wakamvua uongozi wa maombi, eti apumzike. Sasa Mchungaji anaomba mwenyewe, akisoma kwenye simu, na ng'ambo ya mpaka haitajwi kabisa. Ndugu yangu bado yuko kule. Watoto wa Mheshimiwa wako Ulaya wanasoma, naye bado anatuhimiza tujitoe kwa ajili ya taifa. Hasira hii sijui nimpelekee nani, kwa hiyo naipeleka kanisani.

Maana kila Jumapili Mchungaji akifikia mwisho, kabla hajafunga simu yake, sauti hutoka benchi la nyuma: "Na wale wa upande wa pili, na mama zao. Bwana, kwa rehema zako."

Mchungaji hukunja uso. Wazee wa kanisa hugeuka. Lakini siku hizi tunasikia tunachokiitikia, na bado tunaitikia.