Kadi ya Baba Niliyopeleka Darasani

Habari za jioni, wakuu. Niko Voi, mikono ina malengelenge na sina nguvu iliyobaki ya kudanganya, kwa hivyo leo mtapata ukweli mtupu.

Marehemu baba yangu alikuwa mlevi.

Nimelikana hilo miaka thelathini. Watu wakiuliza alikufa na nini, nasema presha. Nina digrii mbili, na bado nilitegemea watu waamini kwamba presha hunuka pombe.

Sasa sikieni.

Shule moja ya sekondari hapa mjini iliniomba niendeshe club ya kuwakinga vijana na muguka, bangi na chang'aa. Kila Ijumaa saa tisa na nusu. Wanafunzi wamechoka, mimi nimechoka kuwashinda.

Silaha yangu ilikuwa kadi. Baba alisoma shule ya misheni huko milimani miaka ya hamsini, na wanafunzi walitia sahihi kadi ya kuahidi kutokunywa. Ya baba ninayo. Nimeipiga hadi lamination.

Nikaiinua darasani. "Huyu alikuwa rika lenu. Aliahidi, akatimiza."

Mwakio wa Form Two, ambaye baba yake anakata mkonge estate, akainua mkono. "Madam, na kama mtu ameshaanza?"

Nikamjibu, "Baba yangu hakuanza."

Darasa likaangua kicheko. "Mwakio, umejichoma!"

Hakurudi tena club. Nikasikia anashinda nyuma ya soko, shavu limejaa majani ya muguka, na mwalimu mkuu amesema akionekana huko mara moja zaidi, shule basi.

Nikapanda milimani hadi Mghange kwa shangazi, dada mdogo wa baba, kutafuta angalau ushahidi kwamba sikudanganya sana.

Shangazi alikuwa anaambua maharagwe. Akaitazama kadi, akacheka.

"Siku anatia sahihi hii alikuwa ananuka, mwanangu. Miaka kumi na minne! Jumamosi watu wanasaidiana kulima, jioni ni mbangara, ile pombe ya miwa, na wabebaji ni watoto. Unabeba, unaonja."

"Sasa kadi ilisaidia nini?"

"Kadi? Ni mwalimu wake. Kila Jumamosi mchana anakuja mpaka mlangoni: 'Twende tumwagilie kabichi za shule.' Wakirudi, kibuyu kimekauka. Mwaka mzima baba yako hakugusa. Halafu mwalimu akahamishiwa Njukini, mbali. Kadi ikabaki ukutani, baba yako akarudi kwa kibuyu."

Nilikuwa nimehifadhi karatasi na kumsahau mtu.

Ijumaa iliyofuata nililiambia darasa ukweli wote, hata ule wa presha. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikawaambia kila Jumamosi kuanzia saa nane, saa ambazo soko linawaita, nitakuwa kwenye shamba la shule nikipanda sukuma. Mimi, niliyewahi kuua mshubiri kwa kiu!

Nikampitishia Mwakio habari hizo zote, pamoja na namba yangu, kupitia mama yake. "Nitamwambia, mwalimu," akasema. "Kusikia ni kwake."

Jumamosi ya kwanza tulikuwa watatu: mimi, watchman na mbuzi asiye wetu. Ya pili, mbuzi hakuja.

Nilichojifunza ni kidogo, na kinachosha. Hotuba ya Ijumaa haimfikii mtoto Jumamosi. Lazima mtu aende mwenyewe, kila wiki, na asichoke kabla yao. Walimu na wazazi mlio humu, niambieni mnafanyaje, na mkitaka kunirarua kwa habari ya baba, rarueni tu.

Leo ilikuwa Jumamosi ya tatu. Saa nane na robo nilikuwa bado sofani, nikijishawishi kwamba mgongo unauma. Simu ikalia, namba siijui.

"Madam, ni Mwakio. Niko kwa gate na jembe la mama, na watchman amekataa kunifungulia. Unakuja, ama wewe pia ni wa kadi?"