Picha Iliyolala kwa Bi Mkubwa

Kama hujawahi kuona mtu akiiamkia mashine, ungefika asubuhi chuoni kwa Fundi. Anafungua kabati la chuma nyuma ya chumba cha kompyuta, anainama, anapuliza vumbi, anasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Halafu anabonyeza kitufe, feni inaanza kunguruma, naye anatikisa kichwa ameridhika, kana kwamba ameitikiwa marahaba. Mkewe aliposikia jina hilo mara ya kwanza aliweka mikono kiunoni. "Ala! Kumbe mimi ndiye bi mdogo, na miaka yote hii hukunambia?"

Bi Mkubwa ni seva, na bila yeye chumba kile ni samani tu. Kompyuta za wanafunzi hazina diski ndani. Fundi alizikusanya kwenye maofisi yaliyokuwa yanazitupa, diski zimekufa, akazing'oa. Ukiwasha moja, inauliza kwenye waya: mimi ni nani, na nianzie wapi? Bi Mkubwa anaijibu, anaipa anwani, kisha anaiachia ichote taswira ya diski, yaani mfumo na programu zote kwa pamoja, anayoitunza yeye, moja tu kwa zote. Kwa hiyo zote zinaamka sura moja, programu zile zile. Na ukizima, yote uliyoyafanya juu yake yanafutika. Kazi ya masomo unaondoka nayo kwenye flashi, mengine ndiyo kwaheri. Kesho inaamka kama haijawahi kukuona.

Wanafunzi walishaligeuza jambo hilo kuwa mchezo wao. Mtu akikaa tu, kabla hata ya kufungua kazi, anaweka picha yake kwenye skrini: mchumba, timu ya mpira, gari asilokuwa nalo. Jioni anazima mwenyewe kabla hajainuka, na ushahidi umekwenda na maji. Kuna kijana mmoja alikaa muhula mzima na picha ya msichana wa meza ya mbele, na msichana yule mpaka leo hana habari.

Sasa huyu Fundi. Alifika kwa mkewe mara ya kwanza kutengeneza redio. Redio ikapona, yeye hakuondoka. Mwenye redio alikuwa mjane mwenye binti wa miaka saba, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya kidoti chake chini ya jicho. Siku ya kuhamia, Fundi alichuchumaa mbele ya yule mtoto akamwambia, "Mimi niite utakavyo, mama." Mtoto akamtazama, akalitazama na begi lake la vifaa, akasema, "Fundi." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote.

Basi jina likakaa. Alimfundisha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti mpaka pumzi inamwishia. Mama mtu alipolazwa alimsuka nywele, akamsuka vibaya, akampeleka shule hivyo hivyo na kitambaa kichwani. "Fundi, tumbo linaniuma." "Fundi, nimefaulu!" Majirani walipomwita Baba Kidoti aliitika, lakini kwa aibu, kama mtu aliyevaa shati la kuazima.

Mkewe alikuwa anamwona. "Si umwambie tu?"

"Nimwambie nini? Mimi ndiye niliyesema aniite atakavyo."

"Alikuwa mtoto wa miaka saba, baba wee! Una kiburi."

"Si kiburi, Mama Kidoti. Nikiomba, ataniita kwa kunionea huruma. Huruma siitaki."

Na muda ulikuwa unakwisha. Kidoti alikuwa anamaliza masomo chuoni hapo hapo, kazi ameshapata mji wa mbali, na Jumamosi alikuwa anaondoka. Fundi alitaka neno moja tu kabla basi halijang'oka, na moyoni alishajiambia hatalipata. Hilo ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani Jumatano, na ndilo lililomfanya asahau kitu ambacho mtu wa kazi yake hasahau.

Ni hivi. Ukitaka kubadilisha chochote kwenye taswira ile ya Bi Mkubwa, unaifungua iandikike kupitia kompyuta moja. Fundi hutumia ile ya pembeni, karibu na kabati. Ikiwa imefunguliwa hivyo, kinachofanyika hapo hakifutiki. Kinaingia kwa Bi Mkubwa, na kesho yake zote zinaamka nacho. Kwa hiyo ukimaliza, unafunga. Jumatano asubuhi alifungua, akaweka programu ya printa mpya, na kabla hajafunga mkuu wa chuo akamwita: printa hiyo hiyo imetafuna karatasi. Akaenda, akaichomoa karatasi vipande vipande huku akiiwaza Jumamosi. Aliporudi darasa lilikuwa limejaa. Hakukumbuka kitu.

Alhamisi akafika mapema kama kawaida yake. Akamwamkia Bi Mkubwa. Akapita mezani akiwasha moja moja, kisha akageuka kwenda kufungua madirisha. Alipogeuka tena, alijiona mwenyewe.

Kila skrini, mbele mpaka nyuma. Yeye, mwembamba, shati limetoka nje ya suruali, ameshika kiti cha baiskeli. Juu ya baiskeli, Kidoti na pengo la meno mawili, anacheka mpaka macho yamefumba. Picha aliyodhani ilipotelea kwenye simu ya zamani ya mkewe. Na chini yake, kwa herufi nyeupe: *Mimi na baba.*

Akakumbuka. Jana skrini ya Kidoti ilikuwa imekufa, na binti alikuwa amehamia pembeni.

Alilia. Sisemi macho yalimlengalenga, nasema alilia, mtu mzima, na bisibisi nyuma ya sikio, chumba kizima kikimwangalia kwa sura yake mwenyewe. Alizunguka meza zote akizisoma moja moja, kana kwamba mojawapo ingesema vingine.

Kisha akasikia wanafunzi nje, wanacheka. Loo! Akarukia kabati. Wale wangemtania binti huyu mpaka siku ya kuondoka. Akazima zote. Kwa bahati Fundi huweka nakala ya taswira kila mara kabla ya kuifungua, kwa hiyo ilibaki kumwelekeza Bi Mkubwa kwenye nakala hiyo na kuifuta mpya. Hapo kwenye kufuta, kidole kilimgoma. Flashi ilikuwa mfukoni. Angeichukua picha ile, nani angejua? Akaitoa flashi, akaishika, akairudisha. Kidoti aliiweka pale akijua hakuna kinachobaki. Hakuwa amempa yeye. Akafuta.

Wanafunzi walipoingia, alikuwa ameziwasha tena, skrini zote za bluu tupu. Fundi akamdaka Kidoti mlangoni, akamvuta kando.

"Jana nilisahau kufunga ile ya pembeni," alisema kwa sauti ya chini. "Picha yako ililala kwa Bi Mkubwa. Asubuhi imetokea kwenye zote."

Kidoti akashika shavu. "Zote?"

"Zote. Nimeshaiondoa. Hakuna aliyeiona. Ila mimi."

Angeweza kunyamaza, lakini hakujua kumdanganya mtoto yule hata siku moja. Kidoti akaangalia viatu vyake, akauzungusha mkanda wa begi kidoleni.

"Naiweka kila siku," alisema. "Tangu muhula wa kwanza. Nilijua inafutika."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nilishaanza kukuita Fundi, halafu sikupata pa kugeuzia. Nikijaribu nyumbani naona haya, mama atashangilia, majirani watasikia..." Akacheka kidogo.

Fundi alitamani kusema mengi. Alichosema ni, "Hamna neno, mama. Fundi ni jina zuri vilevile. Nenda ukakae, mwalimu anakuja."

Binti akaenda, akakaa kule kule pembeni. Mwalimu akaingia, darasa likatulia, zikabaki sauti za vidole tu. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye kabati, anafunga skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Baba!"

Darasa zima likageuka. Hapo chuoni mtu huyu alikuwa na jina moja tu, na kila mmoja alilijua. Hata mwalimu aliiacha chaki hewani. Kidoti alikuwa amesimama, masikio yanamwaka kwa haya, lakini ameukaza uso.

"Baba, kompyuta yangu imeganda. Njoo uiangalie."

Fundi akainuka, akajigonga kichwa kwenye mlango wa kabati, akafika. Kwenye skrini palikuwa na baiskeli, na pengo la meno mawili. Akashika kipanya, akakisogeza huku na huku. Mshale ukaenda kila alikoutuma. Haikuwa imeganda hata kidogo.

"Hii," alisema, akivuta kiti karibu na binti yake, "itachukua muda."